Makamu si kiti cha pambo



Wengine wanasema: "Makamu wa prezida, muweke tu mtu yeyote." Munisikilize kidogo.

Mwezi wa 7, 1944, kule Chicago, chama cha Roosevelt kilichagua makamu. Henry Wallace, aliyekuwa kwenye kile kiti, alitaka mataifa yasaidiane na makoloni yapate uhuru. Usiku watu wakalia jina lake. Wakubwa wakafunga mkutano. Kesho yake, raundi ya kwanza Wallace akatangulia. Ya pili, Truman akapita.

Truman alikaa makamu siku 82 tu, Roosevelt akafa. Ndiye aliamuru bomu la Hiroshima, lenye uraniamu ya kwetu Shinkolobwe.

Kama Wallace angebaki? Pengine bomu lingeanguka vilevile. Lakini yeye alitaka amani na Urusi, na juu ya ile Truman alimfukuza serikalini mwaka 1946. Pengine vita baridi isingetupiga Wakongo namna ile.

Basi siku ya kura musibaki nyumbani. Mtu akitaka kufunga mkutano mbele ya kura, mukatae. Prezida wetu akianguka, makamu ndiye atashika ufunguo wa sanduku.