Tubadilishe Bushi za Gari Kabla Hazijatuumiza

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Mafia



Sisi ni mafundi wa magari. Leo hatukuja kuzungumza juu ya injini. Tumekuja kuzungumza juu ya kipande cha mpira. Kipande hicho ni kidogo, kinaenea kiganjani. Mtu anaweza kupanda gari miaka ishirini asikione hata siku moja. Lakini kikiisha, gari halina usalama, na sisi tuliomo ndani hatuna usalama. Kipande hicho kinaitwa bushi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Bushi ndiyo mwiba wetu wa leo.

Kwa nini tulizungumze jambo hili Mafia?

Barabara ya Kilindoni kwenda Utende ina lami, kama kilomita 15 hivi. Hapo gari linateleza vizuri. Lakini nazi haziko kwenye lami, jamani. Nazi ziko shambani. Samaki wako pwani. Gari linaingia mchangani, linapanda mizizi ya minazi, na masika linapita kwenye madimbwi. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi inaleta kutu. Tena pikapu zetu nyingi ni kuukuu. Spea zake zinatoka Dar es Salaam. Zinafika Nyamisati, halafu zinavuka bahari ndipo zitufikie.

Na pikapu hiyo hiyo inayobeba nazi mchana, usiku ndiyo inayobeba mama mwenye uchungu kwenda hospitali. Hatuna nyingine. Kwa hiyo tujifunze kuitunza.

Bushi ni kitu gani?

Chungulieni chini ya pikapu, upande wa nyuma. Mtaona springi. Ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vimepinda kama upinde. Kila mwisho wa springi una tundu la mviringo. Tundu hilo tunaliita jicho la springi. Ndani ya jicho mna bushi, na katikati ya bushi inapita bolti. Bolti ndiyo inayoshika springi kwenye chesisi. Chesisi ni uti wa mgongo wa gari.

Mwisho mmoja wa springi umeshikwa palepale kwenye chesisi. Mwisho wa pili unashikwa na kiungo cha chuma kinachochezacheza. Gari likipata mzigo, springi inanyooka na kurefuka. Kiungo kile kinaipa nafasi.

Bushi inafanya kazi gani? Mmekula mguu wa mbuzi, si ndiyo? Kwenye goti, kati ya mfupa na mfupa, mna kitu cheupe kinachoteleza. Hilo ni gegedu. Linazuia mfupa usisage mfupa. Bushi nayo inazuia chuma kisisage chuma. Inameza mtikisiko, na inaishika springi mahali pake.

Ndugu zetu wa Jibondo wanaounda majahazi wanalijua jambo hili. Ubao unaweza kuwa mgumu na misumari mizuri. Kalafati ikioza, maji yanaingia. Kitu laini ndicho kinachokilinda kigumu.

Bushi ikiisha, nini kinatokea?

Mpira unakauka, unapasuka, unatoka vipandevipande. Sasa bolti inasaga jicho la springi. Tundu lililokuwa la mviringo linakuwa kama yai. Springi inacheza, na ekseli inasogea pamoja nayo. Dereva anashika usukani sawa, lakini nyuma ya gari inakwenda upande. Akifunga breki ghafla, gari linavuta. Bolti iliyolika ikikatika kwenye kona, na watu wamejaa nyuma, ndugu zangu, hapo hatuzungumzi tena habari ya spea.

Hata kama hakuna aliyeumia, hasara ni kubwa. Leo ungenunua bushi. Ukingoja, utanunua springi. Ukizidi kungoja, utachomelea chesisi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili zake

Zipo dalili nne.

Ya kwanza ni sauti. Gari likiingia shimoni linagonga, ko! ko! kama mtu anayebisha hodi chini ya sakafu.

Ya pili ni mwendo. Gari linayumba, au linavuta upande mmoja ukikanyaga breki.

Ya tatu ni matairi. Yanalika upande mmoja kuliko mwingine.

Ya nne unaiona kwa macho. Mpira umepasuka, au bolti haiko tena katikati ya jicho. Chukua mtaimbo, uingize kati ya springi na chesisi, usukume polepole. Chuma kikicheza ovyo, bushi imekwisha.

Dalili nyingine zaweza kutoka kwenye shokapu au kwenye usukani. Kwa hiyo tazama kwanza, usinunue kwa kubahatisha.

Kalamu nayo ni spana

Hapa ndipo kisomo chetu kinapoleta faida. Mtu akimpigia simu ndugu yake Dar es Salaam na kumwambia, "niletee bushi za pikapu," ataletewa za pikapu nyingine. Nauli imekwenda, siku zimekwenda, na gari bado limelala.

Chukua daftari. Andika aina ya gari na mwaka lilipotengenezwa. Andika kama ni springi ya mbele au ya nyuma, na mwisho upi wa springi. Kisha chukua rula, upime kwa milimita. Pima upana wa bushi kwa nje. Pima tundu la ndani linalopita bolti. Pima na urefu wake. Kama mpira umekwisha kabisa, pima jicho la springi na bolti. Andika tarakimu hizo, uzisome tena, ndipo uagize. Agiza na bolti mpya na nati zake. Agiza za pande zote mbili, kushoto na kulia. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litaendelea kuvuta.

Wako wanaokata bushi kwenye tairi kuukuu. Bushi hiyo itakutoa shambani mpaka nyumbani. Lakini haikai sawa ndani ya jicho, na inalika upesi. Isiwe ya kudumu.

Kabla ya kushika spana

Sikilizeni sana hapa. Jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulishikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Jeki inateleza. Jeki inavuja. Kwenye mchanga wetu huu jeki inazama. Gari likimwangukia mtu, hakuna nguvu ya mikono itakayomwokoa.

Kwa hiyo tafuta mahali tambarare na pagumu. Weka ubao mnene chini ya jeki. Tia kabari magurudumu ya mbele, mbele yake na nyuma yake. Vuta breki ya mkono. Gari likishainuka, weka stendi za chuma chini ya chesisi, pande zote mbili. Huna stendi? Panga magogo ya mbao ngumu yaliyochongwa bapa, mawili hivi, mawili kukingama juu yake, mpaka yafike. Usitumie gogo la mviringo, litabingirika. Usitumie tofali la saruji, hupasuka bila kuaga. Gurudumu ulilolitoa lilaze chini ya chesisi liwe mlinzi wa pili. Watoto wakae mbali. Na usifanye kazi hii peke yako. Muwe wawili.

Jinsi ya kufanya kazi

1. Siku moja kabla, sugua nati na bolti kwa brashi ya waya. Zipake dizeli au mafuta ya kulegeza kutu. Acha zilale usiku kucha. Haraka haraka haina baraka.

2. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini. Kisha inua gari kwa kuweka jeki chini ya ekseli. Weka stendi chini ya chesisi. Teremsha polepole mpaka chesisi ikalie stendi. Toa gurudumu. Jeki ibaki chini ya ekseli kuishika tu, springi isivutwe wala isibanwe.

3. Fanya upande mmoja kwanza. Na katika upande huo, mwisho mmoja wa springi kwanza. Ukimaliza ndipo uende wa pili. Usifungue vyote kwa pamoja, ekseli itakimbia mahali pake.

4. Fungua nati, utoe bolti. Ikigoma, igonge kwa kipande cha mbao au shaba, usiharibu meno yake. Ikiwa kutu imeigandisha, ikate kwa msumeno wa chuma. Ndiyo maana tulisema uagize bolti mpya.

5. Toa bushi ya zamani. Bushi nyingine ni mpira mtupu wa vipande viwili, zinatoka kwa mkono. Nyingine zina ganda la chuma, nazo zimebana. Kwa hizo tumia bolti ndefu yenye nati, washa nene, na vipande viwili vya bomba. Bomba moja liwe pana kuliko bushi, lisimame upande bushi inakotokea. Lingine liwe jembamba kidogo kuliko bushi, liisukume. Kaza nati taratibu, bushi itatoka. Ganda likigoma, lipasue kwa msumeno kutoka ndani, lakini usiguse chuma cha jicho.

Wako wanaochoma mpira kwa moto. Tunawaomba tuache. Moshi wake ni sumu, moto unaharibu ugumu wa springi, na tangi la mafuta haliko mbali.

6. Safisha jicho kwa msasa. Likiwa limepasuka au limekuwa kama yai, springi hiyo haifai. Usiweke bushi mpya ndani ya jicho bovu.

7. Paka bushi mpya maji ya sabuni, iingize ikiwa imenyooka. Usiipake grisi wala oili. Mafuta yanavimbisha mpira na kuuozesha. Bolti unaweza kuipaka grisi kidogo sana ili isishike kutu, lakini grisi isienee kwenye mpira.

8. Rudisha bolti na nati. Zikaze kwa mkono tu, usizikaze kabisa.

9. Rudisha gurudumu, toa stendi, shusha gari. Litikisetikise mpaka likae kama kawaida yake. Sasa ndipo ukaze nati za bushi kwa nguvu, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Kwa nini tunangoja? Kwa sababu ukikaza springi ikiwa inaning'inia, bolti inaushika mpira katika hali ile. Ukishusha gari, mpira unajinyonga. Unakaa umejinyonga mchana na usiku, mpaka unapasuka. Watu wengi wanalaumu spea, kumbe kosa ni la kukaza mapema.

10. Baada ya siku chache za kutembea, pitia nati zote tena.

Mambo ya kumwachia fundi

Si kila kazi ni ya nyumbani. Springi za mviringo, zile zinazozunguka kama nyoka, zimebanwa kwa nguvu kubwa. Zikifyatuka zinaua. Chombo cha kuzibana kama hakipo, usizifungue. Ukibadilisha bushi za mbele, magurudumu yapimwe usawa wake. Na chesisi ikiwa imeoza kwa kutu pale bolti inaposhika, ipelekwe ikachomelewe na mtu mwenye ujuzi. Bushi mpya haiponyi chuma kilichooza.

Tukitoka hapa

Ndugu wahitimu, tunajua si wote mna magari. Lakini wote mnapanda. Abiria aliyesoma ana haki ya kuuliza. Mkisikia ko! ko! chini ya sakafu, msinyamaze. Mwambieni dereva kwa upole, "Ndugu dereva, bushi hizi tumezitazama lini?" Na walio na pikapu ya pamoja, andikeni katika daftari tarehe ya kila matengenezo, ili mwingine akija ajue pa kuanzia.

Tukiwa kwenye kikundi tujiulize maswali haya:

Je, gari tunalolipanda linatoa dalili gani?

Je, anayelitengeneza analala chini ya jeki tupu, au ameweka stendi?

Je, kikundi chetu kinaweza kuchanga tukanunua stendi mbili za kutumiwa na kijiji kizima?

Swali la mwisho tunaomba mlijibu kwa vitendo.