Magari ya Mulhouse na sanduku yetu



Mbele turudie inchi yetu, tulipita na motokari huko Ufaransa, tukasimama Mulhouse kuangalia jumba la magari ya zamani. Iko zaidi ya 400. Bugatti peke yake inapita 100. Macho hayashibi! Wenyewe walikuwa ndugu wawili, Schlumpf, wenye viwanda vya nyuzi. Walizikusanya kwa siri. Viwanda vikaanguka, wakakimbilia Uswisi. Mu 1977 wafanyakazi wakaingia kwa nguvu, njo wakaona: jasho yao iko inang'aa pale.

Sanduku yetu ni ndogo. Lakini ifunguliwe mbele ya wote, hesabu isomwe kila mwezi. Mwenye kuchanga asilazimike kuvunja mlango ili ajue.