Mpe Mtoto Daftari Lake

Leo tuzungumze juu ya watoto wa Gredi ya 7 hadi 9. Umri huu mtoto hujiuliza: mimi ni nani, na ninathamini nini? Mengi hawezi kuyasema mbele yetu, lakini anaweza kuyaandika.

Mnunulie daftari dogo. Aandike dakika 10 jioni: analojivunia, analoogopa, na asilokubali. Usimsahihishe. Usilisome bila ruhusa yake. Ukilisoma kwa siri, ataacha kuandika ukweli.

Huku Kisii na Nyamira, wasichana hukeketwa likizo ya Novemba na Desemba, wengi wakiwa wadogo, wengine mikononi mwa wauguzi kama mimi. Sheria ya mwaka 2011 inakataza, hata kwa mhudumu wa afya. Huenda binti yako akaandika: "Mimi nilifanyiwa. Sitaki mdogo wangu afanyiwe." Mama, akikuletea ukurasa huo, usimkemee. Keti naye, msikilize, kisha simama naye mbele ya nyanya na shangazi. Ukiona hatari, piga simu 116, ni bure.