Tuliyojifunza Wakati wa Mapumziko

 

Sisi ni walimu wawili. Mmoja amefundisha upande wa Bungoma, mwingine nje kidogo ya Kitale. Leo hatutasema habari ya mitihani. Tutasema habari ya mapumziko, maana hapo ndipo mtoto huonyesha yaliyo moyoni.

Tuanze na Bungoma. Mwenzetu alifika huko akiwa mgeni, Kibukusu hakijui. Akawauliza vijana wa shule, "Asante mnasemaje?" Wakamfundisha neno. Basi kila akipewa chakula cha mchana anamwambia mama mpishi neno lile, na mama anaongeza. Kesho vile vile. Mwalimu akawaza, kweli watu wa hapa ni wakarimu! Baada ya wiki mama akashindwa, akauliza, "Mwalimu, kwani wewe hushibi?" Kumbe maana yake ni "niongeze"! Vijana walikuwa nyuma ya jiko, wamejishika mbavu.

Huko Kitale nako, wasichana walikuwa wakicheza shule chini ya mti. Aliyekuwa mwalimu akajikohoza, akasukuma miwani isiyokuwapo, akatembea kama mmoja wetu kabisa. Sisi dirishani tulicheka mpaka machozi. Halafu akafunua jani la mgomba kama daftari, akasema, "Ambao hawajaleta mahindi ya chakula, simameni!" Watoto wawili wakasimama, wakainamisha vichwa. Wale hawakuwa wakiigiza. Ndio wale wale tuliokuwa tukiwasimamisha kila Jumatatu.

Jameni, kicheko kilitukauka. Karo ya shule ya msingi iliondolewa mwaka 2003, lakini sufuria ya mchana mara nyingi imebaki juu ya wazazi. Tuliacha kusoma majina mbele ya watoto, tukawaita wazazi tuseme nao.

Nanyi mnaweza kusaidia hivi:

Kwanza, tengeni chakula cha shule wakati wa mavuno, si Juni ghala likiwa tupu. Gunia la kilo 90 ni kama gorogoro 45. Kila mwanakikundi akitoa gorogoro mbili tatu, magunia yanajaa bila mtu kuumia.

Pili, kausheni mahindi vizuri, myaweke juu ya mbao, si sakafuni. Yenye ukungu msipike. Sumu yake haiishi kwa kuchemshwa.

Tatu, asiye na mahindi alete kuni, au achote maji, au apike zamu. Mtoto wake ale pamoja na wengine.

Pale kwetu wazazi walikubali. Muhula uliofuata wasichana walicheza tena chini ya mti ule, lakini kila mmoja alitaka kuwa mpishi.

Basi, wasikilizeni watoto wakicheza. Nasi tunawashukuru kwa Kiswahili tu: asanteni. Hatutaki kuongezewa chakula!