Bakteria wa TB analala, wewe unaacha dawa?

Haya, vijana wa Bukoba na Muleba, leo tunaongea juu ya kifua kikuu. Lakini tuanze na mwalimu wa zamu.

Uko darasani, humwoni. Utajuaje kama yupo kazini? Ratiba haitoshi. Jina laweza kuwa ubaoni na mwenyewe yuko Kashozi kwa shughuli zake! Tazama wanafunzi: mashati yamechomekwa, kelele hakuna, waliochelewa wanafyeka nyasi. Basi yupo.

Watafiti hufanya vivyo hivyo kwa bakteria wa TB. Ana jeni kama 4,000, na hazitumii zote kwa mpigo. Zipo protini zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Mojawapo huitwa DosR. Nayo yaweza kuwemo ndani ya bakteria lakini haifanyi kitu, mpaka protini nyingine zihisi oksijeni imepungua na kuiamsha. Kwa hiyo kupima wingi wake tu ni kusoma ratiba ubaoni. Watafiti hupima RNA, yaani nakala zinazotolewa na kila jeni. Jeni zipatazo 48 zilizo chini ya DosR zikipanda pamoja, mkubwa yuko kazini. Siku hizi kompyuta hulinganisha mamia ya vipimo vya namna hii.

Utauliza, je, kama zimepanda pamoja kwa bahati tu? Swali zuri. Mwaka 2003 watafiti walimwondolea bakteria DosR, wakampunguzia oksijeni. Jeni zile hazikupanda.

Sasa inakuhusu nini? DosR ikiamka, bakteria hupunguza mwendo, haongezeki, anajibanza mwilini hata miaka. Na dawa nyingi humpiga zaidi anayezaliana. Ndiyo maana dozi kwa kawaida ni miezi 6, ingawa kikohozi chaweza kwisha mapema. Rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa (usiogope), huzuia kazi yenyewe ya kutoa nakala za jeni.

Mwenzako bwenini amefikisha mwezi wa pili, hakohoi, anachekwa kwa vidonge vyake, anataka kuacha. Mwambie waliobaki ni wale wagumu. Akiacha wanaweza kuamka, tena wakiwa sugu kwa dawa.

Na wewe unayekohoa wiki 2 sasa, nenda kituo cha afya. Kipimo na dawa za TB ni bure. Mwenye VVU asisubiri hizo wiki 2. Ukiambiwa utoe makohozi, yatoe kifuani, si mate.