Daftari Letu Lililo Mbali: Maelezo ya Kitengo cha TEHAMA kwa Waheshimiwa Madiwani



Nimetakiwa kueleza, pasipo lugha ya kiufundi, maana ya kuziweka kanzidata za Halmashauri katika wingu, na yapi ya kuhofia. Neno lenyewe linapotosha kidogo, kwani hakuna kilichoko angani. Lipo jengo lenye seva, umeme na mafundi, mali ya mtu mwingine. Sisi tunakodi nafasi humo na kuifikia kwa mtandao. Daftari la viwanja, orodha ya walipa ushuru wa huduma, kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, zote huweza kukaa huko.

Faida zipo, wala sikusudii kuzibeza. Tunaepuka kununua seva zitakazoliwa na vumbi na umeme unaokatika. Lakini jengo huungua. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na baadhi ya wateja walioweka nakala za akiba palepale walizikosa zote mbili, ya kazi na ya akiba.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi. Mwezi Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 500,000, ulifutiwa usajili wake wa wingu na Google Cloud kwa kosa la upangaji wa mitambo upande wa mtoa huduma. Mfuko ulikuwa na nakala katika maeneo mawili tofauti. Zote zilifutika, kwa kuwa zilikuwa chini ya usajili mmoja. Kilichouokoa ni nakala nyingine iliyohifadhiwa kwa mtoa huduma mwingine.

Mwezi huohuo yalitufika nasi. Tarehe 12 Mei mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na mtandao ukadorora nchini. Kumbukumbu zilizohifadhiwa ng'ambo hazikupotea, zilikuwa hazifikiki. Kwa mama aliyesimama dirishani akimbeba mtoto mwenye homa, tofauti hiyo haina maana. Ndiyo sababu tunashikilia kwamba kila zahanati ibaki na fomu za karatasi, hata kama wapo wanaoziona za kizamani.

Kuhusu gharama, nitasema machache. Ankara ya wingu hufuata matumizi, na mara nyingi huja kwa dola, ilhali bajeti yetu ni ya shilingi na hupitishwa mara moja kwa mwaka. Aidha, watoa huduma wengi hutoza unapozitoa taarifa zako kwao. Kuingia ni rahisi kuliko kutoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na kukodi seva hakutuondolei wajibu huo.

Waheshimiwa Madiwani, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama tunazo nakala za akiba. Swali hilo halitoshi. Januari 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya kanzidata yake, ikagundua kwamba njia kadhaa za akiba ilizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi. Iliyofaa ilikuwa na umri wa saa sita, na kazi ya wateja ya saa hizo ikapotea. Swali la kutuuliza ni hili: mara ya mwisho mlirejesha lini, na ilichukua saa ngapi?

Kwa hiyo ninaomba Baraza liridhie fungu la nakala moja nje ya akaunti ya mtoa huduma wetu, na siku moja kila robo mwaka ya zoezi la urejeshaji, matokeo yake yaletwe mbele yenu kwa maandishi. Tunapendekeza kuanza na daftari la viwanja, maana migogoro ya ardhi haisubiri.

Naomba kuwasilisha.