SIKIO NA SURA ZA WATU

Leo tunazungumza juu ya sikio, lakini si habari ya kusikia.

Mtu anapatwa na kiharusi. Anapona, anatembea. Siku moja anakutana na shemeji yake njiani, anapita bila kumsalimu. Watu wanasema, "Huyu siku hizi ana maringo." Wengine wanasema karogwa. Kumbe macho yake ni mazima. Pua anaiona, mdomo anauona, lakini hajui uso ule ni wa nani. Shemeji akisema tu, "Habari za nyumbani?" basi, anamtambua kwa sauti. Ugonjwa huu ni wa ubongo, hasa ukiumia upande wa kulia. Daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliupa jina mwaka 1947.

Sasa sikio linaingiaje hapo? Ndani kabisa ya kila sikio mna vifereji vitatu vyenye maji. Tukigeuza kichwa, maji yale husukuma vinywele vidogo, na ubongo unapata habari. Ndiyo maana tunasimama bila kuyumba. Mmewaona watoto wakizunguka uwanjani, halafu wanasimama ghafla na kuanguka? Wao wamesimama, maji bado yanakwenda! Habari hizo za sikio hufika sehemu nyingi za ubongo, si zile za kusimama tu.

Mwaka 2005 watafiti huko Marekani, akiwemo David Wilkinson, walieleza walivyompima mgonjwa mmoja asiyetambua nyuso. Walipitisha umeme nyuma ya masikio yake, mdogo mno, hata mwenyewe hakuhisi kitu. Umeme huo huamsha mishipa ya fahamu inayotuzuia tusiyumbe. Kisha walimwonyesha picha za nyuso achague zinazofanana. Bila umeme alikuwa anabahatisha tu. Umeme ulipopita, alichagua vizuri zaidi.

Lakini huyo ni mgonjwa mmoja, na kulinganisha picha si sawa na kumtambua mkeo sokoni. Hiyo bado si dawa. Tafadhali, asitokee mtu kumwekea baba yake betri masikioni! Wale walikuwa wataalamu wenye vipimo.

Mtu akianza ghafla kutotambua nyuso, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na yule anayeishi na shida hii tusimsubiri atuamkie. Tumwendee tukitaja jina: "Shikamoo mzee, mimi Asha, jirani yako."